Nyumba Kumi na Tisa Zisizo na Majivu

Siku niliyoagwa kazini, wenzangu walinipa koti la mvua. Ni koti zuri, la rangi ya chungwa, lenye kofia na mistari inayong'aa. Kwa zaidi ya miaka thelathini niliomba koti kama hilo kila msimu, na limenifikia wiki ile ile ambayo sina tena pa kwenda mvua ikinyesha. Nimelitundika nyuma ya mlango. Baada ya hotuba na soda, vijana wawili wa kikosi cha barabara za vijijini walinifuata uani wakaniomba niwaandikie yale ambayo hayamo katika vitabu vya mafunzo. Nimekubali. Habari za vyeo na mishahara nitaziacha: vyeo husahaulika, na mishahara mnajua wenyewe jinsi inavyokuja. Nitaandika juu ya barabara, juu ya watu wanaokaa kando yake, na juu ya kosa moja nililolifanya katika kijiji cha Batiangonda. Nadhani iko siku mtalifanya na ninyi.

Nilianza kazi nikiwa na diploma mpya na viatu visivyofaa. Mkuu wa kikosi wakati huo alikuwa Papa Lisungi, mtu mfupi, mkavu, aliyekuwa na karakana yake Simi-Simi, Kisangani, karibu na uwanja wa ndege wa zamani. Asubuhi hiyo aliniangalia miguuni kabla ya kuniangalia usoni.

"Petit, hii viatu iko ya kazi ao ya mariage?"

Nikamwambia sina vingine, vya kazi wala vya harusi.

"Bon. Leo itakuwa ya kazi. Kesho haitakuwa ya kitu."

Tulitoka tukisukuma gurudumu la kupimia. Ni gurudumu la chuma lenye mpini mrefu na kihesabio kinachogonga kila mita. Kazi yangu ilikuwa kusukuma na kusoma. Tulifuata njia ya zamani ya Buta hadi msitu wa Masako, ambako siku hizo, kama leo, wanafunzi wa chuo kikuu walikuwa wakihesabu miti na wakulima wakiikata. Sikukosea hata mita moja. Nilifika na malengelenge na majivuno. Tukakaa juu ya gogo, Papa Lisungi akafungua kwanga lake, mkate wa muhogo uliofungwa kwa majani, akanikatia kipande, kisha akaniuliza ni nyumba ngapi tulizopita zilikuwa na paa jipya. Sikujua. Akaniuliza wanawake waliobeba maji walikuwa wakipanda au wakishuka. Sikujua. Akaniuliza kama nilisikia shule yoyote, kwa sababu shule husikika kabla ya kuonekana. Nilikuwa nimesikia kihesabio tu.

"Donc ulitembea na gurudumu peke yake," akasema. "Gurudumu inajua njia. Na batu, nani anabajua?"

Kesho yake alinipa daftari na kunionyesha namna ya kulitumia. Ukurasa wa kushoto uandike ulichoambiwa. Ukurasa wa kulia uandike ulichokiona kwa macho yako, umesimama hapo hapo. Jioni uzilinganishe. Kurasa mbili zikikubaliana katika kila jambo, alisema, ujue kuna kitu ulisahau kukiangalia. Nimejaza madaftari arobaini na kitu kwa mtindo huo. Mke wangu ameyaweka katika sanduku la bati kwa sababu ya panya, na kwa sababu, anasema, hataki kuyaona.

Ninyi mna simu zinazopima kila kitu, kwa hiyo nieleze vifaa vyetu kidogo. Tulikuwa na kiolezo cha mbao tulichokiita gabari, chenye umbo la mgongo. Unakilaza juu ya barabara kuona kama imeinuka katikati ili maji yateremke pande zote mbili. Barabara ya udongo huuawa na maji. Malori humalizia tu. Tulikuwa na kantonye, yaani watu wa kijiji wanaofyeka majani na kuzibua mitaro, na kantonye mmoja mwenye jembe zuri ana thamani kuliko mkutano mzima wa wahandisi. Na tulikuwa na kizuizi cha mvua.

Kizuizi cha mvua ni mti mrefu uliolazwa juu ya nguzo mbili, umefungwa jiwe upande mmoja. Mvua ikinyesha, mlinzi anaushusha, na malori yanangoja mpaka udongo ukauke, wakati mwingine nusu ya mchana. Madereva hutukana, hubembeleza, kisha hukumbuka kwamba wana ndugu serikalini. Mlinzi mzuri ni yule anayeweza kuendelea kumenya ndizi huku akitukanwa. Wote bora niliowajua walikuwa wanawake. Sisi tulichagua mahali pa kizuizi kwa kuangalia udongo na mteremko, basi. Lakini lori likisimama, dereva anataka kula, msaidizi wake anataka sigara, abiria waliokaa juu ya magunia wanataka kivuli. Baada ya misimu miwili, pale uliposhusha mti pana soko. Hakuna mchoro wa mhandisi niliouona ambao ulionyesha jambo hilo.

Kisha ikaja miaka ambayo barabara zilikufa. Habari za vita wengine wamezisimulia. Mimi nitasema niliyoyaona njiani. Mianzi iliota katikati ya barabara, madaraja yakapoteza mbao zake, moja moja, mpaka yakabaki chuma. Ofisi iliendelea kutupa fomu za kuhesabu magari yapitayo, nami niliandika sifuri kwa mwandiko mzuri. Waliopita ni watu wa kumba-kumba, wale wanaume waliosukuma baiskeli zilizopakiwa mafuta ya mawese kwenda mjini na chumvi, sabuni na vitenge kurudi, majuma mazima kwa miguu, fimbo imefungwa kwenye usukani ili waweze kuongoza baiskeli wakitembea pembeni. Nilitembea nao mara nyingi. Walinifundisha kwamba kilomita ya msituni ina urefu tofauti asubuhi na jioni.

Vijiji navyo viliondoka. Mnajua historia hii, lakini irudieni vichwani. Zamani za wakoloni, babu zetu walitolewa msituni wakapangwa kando ya barabara, nyumba ikitazamana na nyumba, ili wahesabiwe na waonekane. Barabara ilipokufa, na wakabaki kuitumia wenye bunduki tu, watu walirudi kwenye maji na mashamba yao. Nilipita mahali ambapo kwenye ramani palikuwa na jina, na mbele yangu palikuwa na michikichi na misingi ya matofali iliyoota nyasi. Mahali pamoja nilimkuta mama mmoja akichuma majani ya muhogo. Aliniangalia na gurudumu langu kwa huruma, akaniuliza nimepotea tangu lini.

Barabara ilipoanza kurudi, nilikuwa nimeshaota mvi. Sina haya kusema kwamba nilifurahi kama mtoto. Nakumbuka mashine ya kwanza ya kusawazisha, ya njano, ikiingia katika barabara ndogo inayotoka kwenye ile kubwa ya Ituri na kuzama msituni upande wa kusini. Nakumbuka harufu ya udongo uliogeuzwa, na wazee waliotembea nyuma ya mashine mikono mgongoni, kimya, kama watu wanaosindikiza bwana harusi. Lori la kwanza lilipofika, mama mmoja aliligusa tairi kwa kiganja, akakiangalia kiganja chake, akacheka.

Kazi yangu katika mradi ule ilikuwa kupita nyuma ya mashine na kuhesabu kaya. Hesabu hiyo ndiyo ingeamua wapi pachimbwe kisima, wapi pajengwe darasa, wapi pawekwe zahanati. Hivyo ndivyo nilivyofika Batiangonda, kilomita ya arobaini na moja.

Tuliwatumia habari wiki moja kabla, kama maelekezo yalivyotaka. Nilikuta nyumba kumi na tisa, tisa upande mmoja na kumi upande wa pili, udongo wa kuta bado mbichi. Mbele ya kila mlango familia ilikuwa imekaa, imevaa nguo za kanisani. Mkuu wa kijiji, Kapita Lotika, mtu mrefu mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likakakamaa kama karatasi, alinipokea katikati ya barabara.

"Kapita, batu bako bangapi?"

"Bote bako hapa, Papa Assani. Uhesabu mulango na mulango."

"Nilisikia kijiji kilikuwa ndani ya pori."

"Ilikuwaka. Sasa barabara imetuita, na sisi tumeitika."

Nilipenda sana maneno hayo. Niliyaandika kushoto, na baadaye niliyanakili kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti. Vijana, sentensi nzuri ikikujia bila kuitafuta, iogope. Nilihesabu mlango kwa mlango, nikagawa watu wengi kwa nyumba chache, nikaona msongamano, nikaandika kwamba wanahitaji kujenga zaidi. Niliomba maji ya kunywa. Yalichukua muda mrefu sana kufika, na aliyeyaleta alikuwa akihema na miguu ina matope. Nilikunywa, nikashukuru. Kulia sikuandika kitu.

Nilipokuwa nakunja meza, mama mmoja wa makamo, amefunga kitambaa cha buluu kichwani, alinisogelea. Wenzake walimwita Mama Bénédicte.

"Papa wa gurudumu," akasema, "ukuyake siku yenye hatujakualika."

Nilidhani ni ukarimu, kwamba nije siku yoyote bila kungoja mwaliko.

Ripoti yangu ilisomwa na ikasifiwa, jambo ambalo lilinitokea mara mbili tu maishani. Ikaamuliwa kwamba Batiangonda ipate zahanati yenye chumba cha kuzalia, hapo hapo kilomita arobaini na moja, kwa kuwa kijiji kizima kimerudi barabarani.

Baada ya miezi miwili nilipita tena, safari hii kukagua kizuizi cha mvua tulichokiweka chini kidogo ya zile nyumba, kabla ya mlima. Sikuwa nimemtumia mtu habari. Mvua ikaanza. Nikakimbilia nyumba ya kwanza, nikabisha hodi, sikujibiwa, nikaingia. Kitanda cha mianzi, bila mkeka. Nikatokea nyuma jikoni. Mafiga matatu yalikuwa yamepangwa vizuri, safi, na katikati yake palikuwa na majani machanga yanaota. Hakukuwa na majivu. Niliingia nyumba ya pili, ya tatu, ya kumi. Hakuna majivu, hakuna kuku, hakuna njia ya kwenda chooni kwa sababu hakuna choo. Nililowa mpaka mfupa nikihesabu upya, na hesabu yangu ya pili ilikuwa na nyumba kumi na tisa na watu sifuri.

Mlinzi wa kizuizi, mwanamke pekee niliyemkuta, alishusha mti, kisha akachukua kipande cha chuma na kugonga rimu ya lori iliyotundikwa kwenye nguzo. Aligonga muda mrefu. Lori moja likasimama, la pili, la tatu. Baada ya kama saa moja wakashuka wanawake kutoka msituni kwa mstari, mabeseni kichwani yamefunikwa kwa majani ya ndizi: lituma ya ndizi zilizopondwa, pondu ya majani ya muhogo, samaki wa moshi. Mama Bénédicte alikuwa wa tatu. Aliponiona aliweka beseni chini polepole.

"Ah, Papa wa gurudumu. Leo umekuya muzuri."

"Mama, hizi nyumba, nani analalaka ndani?"

"Mvua."

Wenzake wakacheka. Nikauliza wao wanalala wapi.

"Kule juu, ku source ya mayi. Kilomita ine. Barrière ya mvua ikifungwa tunashuka, tunauzisha, tunapanda."

"Juu ya nini mulinidanganya?"

"Hatukukudanganya. Uliuliza batu bako bangapi, tukakuya bote. Hukuuliza tunapikia wapi."

Nilikaa juu ya beseni lililogeuzwa. Hapo ndipo aliponiambia kwamba yeye ndiye anayezalisha wanawake wa kijiji, kama mama yake kabla yake, na kwamba amekuwa akitafuta mtu wa kumwambia jambo moja tangu aliposikia habari za zahanati na chumba chake cha kuzalia. Alilisema huku akimuuzia dereva ndizi, bila kunitazama.

"Munataka kuweka maternité hapa. Alors, mwanamuke mwenye uchungu atashuka kilomita ine, avuke mayi mara mbili? Na akifika, nitamuosha na nini? Hapa mayi iko ya mutaro tu. Mwezi jana mwanamuke moja alisikia ati infirmière, muuguzi wa serikali, atakuya barabarani. Akatoka mapema, peke yake, ili afike kwa serikali. Akazalia ku mayi ya pili. Mutoto iko. Mama yake mpaka leo iko amelala mugonjwa."

Nilimwomba anipandishe kilomita hizo nne. Njia ilikuwa ya mguu mmoja, na vijito viwili vilikuwa vimejaa. Huko juu nilikuta kijiji chenyewe: moshi, mbuzi, kanisa la miti, na chemchemi inayotoka chini ya mwamba, baridi na safi kiasi kwamba niliona aibu nikikumbuka maji niliyoletewa. Nilihesabu majiko sitini na moja, na safari hii niliingiza kidole katika kila jivu. Watoto walinifuata wakidhani nimeugua.

Kapita Lotika alikuja, bila lile shati.

"Papa Assani, unajua habari yetu," alisema. "Babu yangu alichapwa fimbo sababu nyumba yake haikuonekana toka barabarani. Serikali inahesabu chenye inaona. Tulisema, bakitukuta ndani ya pori, batapeleka barabara kwa bengine."

"Na maneno ya Mama Bénédicte?"

"Mama Bénédicte anasemaka kweli tangu utoto wake. Hiyo njo mateso yetu."

Nilijua historia ile. Nimewaandikia hapo juu jinsi ninavyoijua. Ningeweza kuisimulia darasani bila karatasi: kwamba katika nchi hii, ukitangaza kwamba unakuja kuhesabu, watu watajipanga mahali wanapoamini unataka kuwaona. Wakajipanga mbele ya macho yangu, nami nikawaandika. Kosa lilikuwa la mtu anayejua.

Nilirudi mjini nikaandika barua ya ukurasa mmoja kusema kwamba ripoti iliyosifiwa haikuwa kweli. Barua hiyo ilinichukua siku tatu. Mkuu wa mradi, mama mpole mwenye meza iliyopangwa, aliisoma mara mbili. Alisema anaelewa. Kisha akasema kwamba saruji itashushwa baada ya wiki mbili, kwamba mahali gari la daktari halifiki hawawezi kujenga, na kwamba hiyo sheria si yake. Nikamwuliza: na likifika? Akaangalia kalenda ukutani. Akasema likifika kabla ya saruji, atabadilisha ramani mwenyewe, kwa kalamu.

Nikachukua likizo yangu, nikachukua gabari, vijiti vya kupimia na kamba, nikapanda Batiangonda tufungue njia ya gari hadi kwenye chemchemi. Sijawahi kufanya kazi kama ile, kabla wala baada. Wanaume walikata miti, wanawake walisomba changarawe kutoka mtoni kwa mabeseni yale yale ya lituma. Vijana kadhaa walinung'unika. "Barabara iko chini, kule kuko batu na réseau ya simu," walisema, "sisi tutafanya nini na njia ya kurudi nyuma?" Lakini walikata. Kapita alikata pia, vibaya, mpaka akapewa kazi ya kuleta maji. Vijito viwili tuliviwekea madaraja ya magogo, tukayafunga kwa kamba za msituni kwa sababu misumari hatukuwa nayo. Papa Lisungi, ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki, angesema mteremko wa kilomita ya tatu ni mkali mno. Ulikuwa mkali mno.

Zikiwa zimebaki siku mbili saruji ifike, daktari wa eneo la afya alikuja na Land Cruiser. Kijito cha kwanza kilipitika. Kwenye cha pili dereva alishuka, akazunguka magogo, akayapiga teke, akauliza nani amefunga.

"Ni kijiji," nikasema.

"Basi kijiji ipande na mimi ndani ya mutuka."

Watu walitazamana. Mama Bénédicte alifungua mlango wa mbele, akaketi, akapanga kitambaa chake kichwani kama anayekwenda misa.

"Twende, papa. Minachoka kusimama."

Daktari alisema atafuata kwa miguu, ili aangalie vizuri. Gari lilipanda magogo. Yalilia, moja likageuka nusu, na upande wa pili dereva alizima injini akakaa kidogo mikono juu ya usukani. Mama Bénédicte alikuwa ameshashuka na anapanda mlima.

Zahanati ilijengwa juu, karibu na chemchemi. Mwaka wa kwanza nilipopita walinionyesha watoto kumi na wawili waliozaliwa humo, wamepangwa mbele ya mama zao. Niliwahesabu kushoto na kulia.

Ningeweza kuishia hapo, na mngekuwa na hadithi nzuri ya kusimulia mafunzoni. Lakini barabara haikuishia hapo. Katika miaka iliyofuata niliona zile nyumba kumi na tisa zikipata majivu, moja moja. Kwanza mfanyabiashara kutoka mjini, aliyeuza sabuni na betri. Kisha kijana mwenye paneli ya jua anayechaji simu. Kisha pikipiki. Kisha baa, na matatizo ya baa. Mihogo iliyokuwa ikiozea shambani ilifika Kisangani siku ya pili; mkaa nao ulifika, na msitu ukaanza kurudi nyuma. Shule ilihamia chini kwa sababu mwalimu alikataa kupanda. Niliona wasichana wenye madaftari, na niliona wasichana wengine waliokaa karibu mno na malori. Nyama ya mwituni iliadimika, nguo nzuri zikazidi. Wazee walisema usingizi umepungua. Kila mtu aliyeniuliza kama barabara imeleta heri nilimjibu kwa kumwomba anieleze ni heri ya nani, na saa ngapi za siku. Kisima chenye pampu kilichimbwa barabarani, na maji yake yalikuwa safi.

Katika ziara yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, nilipanda kwenda kumuaga Mama Bénédicte. Nilimkuta kwenye benchi la zahanati, kitambaa kingine, nywele nyeupe chini yake. Muuguzi alikuwa ndani, hana mgonjwa. Tuliulizana habari za watoto na za magoti. Kisha akasema:

"Sasa muishushe."

"Niishushe nini, mama?"

"Maternité. Mwezi huu wamekuya tano. Ine wametoka barabarani na pikipiki, kilomita ine ya kutikisika, tumbo iko vile. Na daraja ya pili imeoza. Muishushe."

Nilimkumbusha, kwa adabu, kwamba ni yeye aliyenipandisha mlima ule na mvua, aliyekaa mbele katika gari, aliyefanya mkuu wa mradi abadilishe ramani kwa kalamu.

"Minajua."

"Na ni wewe ulisema chini hakuna maji."

"Sasa kuko pompe. Papa Assani, nilisumbua juu ya bamama. Sikusumbua juu ya mulima." Akaangalia mlango alioupigania. "Hapa wanaweza kuacha infirmière siku moja kwa juma, juu ya sisi bazee. Mais kitanda ya kuzalia, mushushe."

Nilimwuliza kama haitamuuma. Akasema itamuuma, na kwamba hilo halihusu ripoti.

Basi niliteremka, nikazunguka siku nzima kutoka jiko hadi jiko bila kumtangazia mtu, nikapanda tena kesho yake na kukaa kwenye lile benchi. Niliandika ripoti yangu ya mwisho hapo, kwa mkono. Na kabla ya kutia sahihi nilifanya jambo ambalo katika miaka yote ile sikuwahi kulifanya, na ambalo nawaomba mlifanye kuanzia ripoti yenu ya kwanza: nilimsomea aliyehusika, neno kwa neno. Mama Bénédicte alisikiliza amefumba macho. Nilipofika kwenye idadi ya kaya za barabarani alinyoosha kidole.

"Nyumba ya Kapita Lotika, uliihesabu chini?"

"Ndiyo. Nilimkuta amekaa mlangoni."

"Uitoe. Alikuonaka unazunguka na daftari, njo akashuka kukaa pale. Analalaka hapa juu tangu Pasaka. Anasema barabara iko na kelele mingi."

Nikaitoa, nikaandika idadi mpya, nikamsomea tena. Akasema sasa ni sawa. Nikatia sahihi.